Ndevu za Mfalme Asiyesema

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Muuguzi wa presha kasema niwe naandika hofu zangu badala ya kuwagawia watu. Haya. Hofu ya kwanza: kitinda mimba wangu atanifukuzisha kazi.

Ni msichana mzima sasa, na anachora hadithi za picha. Mhariri wa gazeti la katuni aliona ukurasa wake mmoja akaupenda. Kamwambia apeleke kurasa zote Ijumaa. Zikimridhisha, mtoto ana kitabu na ana kazi. Nilifurahi mpaka majirani wakatoka nje. Leo nikamwomba anionyeshe. Kusoma nasoma polepole, shule niliiacha njiani, lakini picha haina haja ya mwalimu.

Hadithi ni ya mfalme. Sauti yake ni balaa. Akifungua kinywa, ukuta unapasuka. Na wala hana roho mbaya, maskini. Anawapenda watu wake kupita kiasi. Akimwona fundi juu ya paa anampigia kelele ajihadhari, na ni ile kelele inayomwangusha fundi. Akimwona mama kabeba mtungi anamwonya asiteleze, mtungi unapasukia kichwani. Basi kajifunga kitambaa mdomoni asije akawamaliza.

Nikamjua palepale. Radi! Msimamizi wetu kule tunakofulia shuka za hoteli. Nani mwingine ana sauti ya namna hiyo? Sawa, mfalme ana pengo la meno ya mbele na Radi hana. Pengo ninalo mimi. Wachoraji huongeza chumvi. Na kile kitambaa cha madoadoa ni kama changu cha kujikinga na mvuke, mtoto atakuwa amekiona hapa nyumbani kikamkaa akilini.

Nikamuuliza, na Radi akijiona gazetini? Akasema Radi mwenyewe hajawahi kumtia machoni. Kweli. Lakini si nimemsimulia mimi kila jioni? Ulimi wangu umeniponza.

Baba watoto alikuwa juu ya kigoda anabadilisha taa. Nikamwambia aangalie asianguke. Akaanguka. Bahati nilikuwepo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Radi yuko likizo tangu Januari, anarudi Alhamisi. Gazeti la katuni halimpiti. Hulikunja akalitia mfuko wa nyuma. Nimepiga pasi asubuhi nzima huku nahesabu siku.

Nikamnong'oneza mwenzangu wa meza, yule tunayemwita Bibi Mkunjo kwa sababu akiona mkunjo halali. Anasema mnong'ono wangu ulisikika mpaka kwenye boila la kuchemshia maji, na kweli mtu wa boila alikuja kuuliza ni mfalme gani. Nikawaeleza. Mabega mapana, pengo, kitambaa, anaonya watu wanaumia. Wakatazamana. Bibi Mkunjo akashika meza, akacheka mpaka akapaliwa. Akasema ee shoga, mfalme huyo mimi napiga naye pasi meza moja. Nikamwambia ndiyo hivyo, sote tuko naye humuhumu, ndiyo maana naogopa.

Wakacheka tena. Watu wengine hawana adabu mbele ya hofu ya mwenzao.

Kisha nikaona pasi yake imekaribia mno pindo la kitambaa cha meza. Nikamtahadharisha. Akaruka. Pasi ikatua katikati, ikaacha alama kama unyayo. Nikamwambia, umeona? Niliona mapema.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimepata akili. Ndevu!

Radi hunyoa kidevu kikang'aa kama sahani. Mfalme akiwa na ndevu, nani atamjua? Kitinda alitoka kununua karatasi. Nikachukua kalamu yake na wino wake mwenyewe, ili rangi zisipishane. Nikapitia ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kurasa nyingine zilitoka vizuri tu. Ule ambao mfalme kalala niliteleza mkono, akawa kama mtu anayemeza mbuzi. Ukurasa wa mwisho wino ulidondoka, ukafunika mtu mmoja mdogo aliyekuwa pale. Nikaona si kitu, mfalme ndiye muhimu.

Kitinda akarudi. Nilitegemea ahsante. Akazitazama zote. Hakulia, hakufoka. Akazipanga, akaketi, akachukua karatasi mpya.

Hajasema neno. Radi akinguruma najua pa kujificha. Mtoto akinyamaza nijifiche wapi?

Baba watoto akaniambia nimwache, nikae kimya. Nikakaa kimya. Nilimweleza tu kidogo faida za ndevu, kupitia mlangoni.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Radi karudi. Ana ndevu.

Nyeusi, za mviringo, zimeshuka mpaka kifungo cha kwanza. Zilezile. Nilishika kapu la shuka nisianguke. Bibi Mkunjo, niliyekuwa nimemsimulia ndevu asubuhi, akaninong'oneza kwamba mimi si mtu wa kawaida, nimchoree na yeye gari.

Radi akauliza nani kaunguza kitambaa cha meza. Kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya kabisa. Nikaanza kumweleza nilivyomtahadharisha mwenzangu. Akainua mkono, akaniomba nipunguze sauti kidogo, wateja kule mapokezi wanageuka. Aniambie mimi. Yeye! Nikainamisha kichwa. Mfalme hajisikii mwenyewe.

Nyumbani Kitinda anachora upya tangu alfajiri. Baba watoto kahesabu kurasa zilizobaki, akatikisa kichwa, kesho hazitakuwa tayari. Chakula nilichomwekea mtoto kimepoa. Ana wino mpaka kwenye nyusi, macho mekundu. Nikasimama nyuma yake, nikaona anarudia mstari uleule mara ya tatu.

Hapo ndipo nikaogopa hasa. Si kazi yangu. Kazi ipo na haipo, mikono ninayo. Ni yeye. Tangu utotoni anachora, ukutani, juu ya meza, mgongoni mwa baba yake aliyelala. Leo mlango umefunguka, na aliyeusukuma ukafunga ni mama yake. Nilitaka kumwambia samahani. Nikafungua kinywa, kalamu yake ikaruka kabla sijatamka. Nikaenda kukaa jikoni.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kwa mhariri mwenyewe. Sikumwambia mtu. Njia nzima miguu ilikuwa inataka kurudi.

Ofisi yake iko ndani ya kiwanda cha kuchapa. Mashine zinakoroma, sakafu inatetemeka. Fundi mmoja alikuwa juu ya ngazi anapanga marobota ya karatasi, kaegemea upande. Ningenyamaza? Nikamwita ajishike. Alijishika, lakini marobota hayakujishika. Yalishuka yote, moja baada ya jingine, mpaka mlango wa ofisi ukafunguka na mhariri akachungulia miwani ikiwa pembeni ya pua.

Nikamweleza palepale. Kwamba mtoto hana kosa, ndevu nimeweka mimi. Kwamba anachora upya bila kula, ampe mpaka Jumatatu. Kwamba ndevu zitoke, tafadhali, kwa sababu mwenye uso keshaota zake. Kumbe mashine zilizimwa nilipoanza, sikugundua, nikaendelea kwa kiasi kilekile. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama. Yule fundi kakumbatia ngazi kama mtoto kakumbatia mama.

Mhariri akarekebisha miwani. Akafungua droo, akatoa ule ukurasa wa kwanza aliouona. Akautazama. Akanitazama mimi, na kitambaa changu cha kazini kikining'inia shingoni. Akatazama karatasi zilizotapakaa. Akaniuliza kama mimi ndiye mama mzazi. Nikasema ndiyo, wa kumzaa. Akasema Jumatatu ni sawa kabisa, hata Jumanne akitaka. Alikuwa na shaka moja tu, kama kweli mfalme wa namna hii anaweza kuwepo duniani. Sasa hana shaka tena.

Kumbe naye anamfahamu Radi. Mji huu ni mdogo.

Nyumbani nikamwambia Kitinda. Akasema neno la kwanza tangu juzi: aliuliza kama kuna aliyeumia. Nikamwambia ni karatasi tu. Akaweka kalamu chini, akafunika uso, mabega yakawa yanacheza. Alikuwa analia au anacheka, sijui. Kisha akaniomba kitu kimoja, mama, nakupenda, lakini usinisaidie tena. Nikamwahidi. Nikamkumbusha pia chupa ya wino iko ukingoni mwa meza. Tukapangusa wino pamoja.

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Kitabu kimetoka. Kina jina la mwanangu juu, herufi kubwa, hata mimi nililisoma mara moja.

Kazini nilijificha nyuma ya mapazia ya hoteli. Radi alinunua. Alikisoma kasimama karibu na boila, mpaka mwisho, bila kuketi. Halafu akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Nilishaanza kukunja kitambaa changu niondoke nacho. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema miaka yote alidhani mimi ni mkali tu, leo ndiyo kanielewa. Akasema ule ukurasa wa mwisho umemkumbusha marehemu mama yake. Akaenda zake taratibu, anapangusa ndevu.

Hakukasirika hata chembe. Mtu mzima huyo, kajiona kwenye kioo akakubali.

Ule ukurasa wa mwisho nimeusoma jioni, sasa hauna doa la wino. Kumbe yule mtu mdogo niliyemfunika alikuwa mtoto wa mfalme. Kalala. Mfalme anafungua kitambaa, anainama, analitaja jina lake sikioni. Na hakianguki kitu. Hata jani halitikisiki.

Nikalia. Kitinda akauliza nalia nini. Nikamwambia namwonea huruma Radi. Hebu fikiria, unawapenda watu wako namna ile, na wao kila ukifungua kinywa wanashika ukuta. Kitinda akanitazama muda mrefu. Akanikumbatia, akakaa hivyo. Nadhani na yeye anamhurumia.

Lakini nimewaza sana. Shida ya mfalme ni kwamba hakuna anayethubutu kumwambia. Ningekuwa karibu yake ningemwambia: punguza, baba, unawaumiza. Basi kesho nitafanya hivyo. Kwa upole. Asubuhi Radi hupanda ngazi kukagua bomba la mvuke juu ya mapipa ya sabuni. Hapo ndipo anakuwa peke yake. Ila nikimkaribia kimyakimya atashtuka aanguke. Bora nimwite kwa nguvu nikiwa bado mlangoni.