Koko Régina Anazindua Kadi ya Hadithi

Mheshimiwa Ruphin, mutoto wangu wa kwanza, mwenye kukalia kiti pekee chenye miguu minne. Mheshimiwa Dieudonnée, binti yangu, balozi wetu wa kudumu huko Salamabila, anayepikia wachimba zahabu maharagi. Mheshimiwa Hamadi, mume wake, aliyeendesha pikipiki siku mbili mpaka hapa Kasongo, na ambaye mimi mama mukwe siruhusiwi kutaja mahali panapomuuma. Waheshimiwa wajukuu, kila mumoja kwa urefu wake na kwa kamasi zake. Mheshimiwa mbuzi, ambaye hakualikwa. Na wewe baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba, uliyefika mbele ya wote: protokole yote imezingatiwa. (Makofi. Mbuzi anafukuzwa.)

Mimi Koko yenu Régina, bibi wa wajukuu wote hawa, Prezida wa Komite, Makamu wa Prezida, Katibu Mukuu na Mutunza Kuni, mutu ambaye sikuingia shule hata kwa kukimbia mvua, ninasimama mbele ya moto huu kusoma hotuba iliyoandaliwa na wataalamu...

(Rachelle, mujukuu anayekaa naye: "Koko, karatasi iko kichwa chini!")

Nyamaza, we mutoto! Hata ikisimama sawasawa, mimi na hiyo karatasi hatusalimiani. (Kicheko.)

Wananchi wa kiwanja hiki! Mwezi wa tatu nilipiga telefone Salamabila, nikaomba kuongea na mujukuu wangu Arlette, miaka sita, meno mawili yameanguka, na badala ya kunisalimia nikamusikia anauliza: "Mama, huyu mutu anayepiga makelele ni nani?" (Dieudonnée anaangalia vidole vya miguu yake.) Kutokana na hali hiyo, Komite ilikutana kwa dharura, wajumbe wote walikuwepo, yaani mimi na mwiko wangu, na ikapitisha kwa kura zote Proje ya Maendeleo Endelevu ya Masikio ya Wajukuu, ambayo lengo lake kuu ni hadithi zangu zote ziingie ndani ya telefone ya Rachelle, zikae kwenye kadi ndogo kama ukucha, ili Arlette azisikilize kule akichambua maharagi, na mutoto azoee makelele ya nyumbani kwao.

Mafanikio yanaonekana kwa macho. Kuni, mafungu matatu. Viazi vitamu ndani ya majivu, arobaini. Sasa thelathini na nane, kwa kuwa Prezida alifanya ukaguzi. Wajukuu kumi na mumoja ndani ya vikwembe vinne, vitenge vyangu vya kujifunika, bega kwa bega, na hakuna mwenye kulia isipokuwa yule anayelia kila siku. Furaha imepanda asilimia mia moja na ishirini, na anayebisha apimwe homa. (Makofi marefu.)

(Arlette, aliyekuja na Dieudonnée na Hamadi, wazazi wake: "Kadi iko wapi?")

Swali zuri sana. Litajibiwa na idara inayohusika.

Faza ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya Proje, Rachelle aliweka telefone juu ya kinu, akaniambia, "Koko, sema tu, itashika yote," kisha akaenda kuteka maji ili kusiwe na kelele. Nikaanza kama mama yangu alivyoanza: "Hadithi iko mulangoni!" Na munajua, katika ukoo wetu hadithi haiingii yenyewe kama kuku, musikilizaji lazima aitike, "Iingie, ipate moto!" Asipoitika, inarudi ilikotoka. Nikangoja. Telefone kimya. Nikarudia. Kimya. Nikaiuliza kama mama yake hakuifundisha adabu. Faza ya pili, nikaisogezea kiazi, labda ni njaa. Faza ya tatu, nikanuna.

(Rachelle: "Nilisikiliza yote, Koko. Matusi matupu, na kununa dakika kumi!")

Iandikwe kwenye rapo ya Komite.

Idumu baridi! (Idumu!) Viazi juu! (Juu!) Makelele ya Koko! (Oyee!)

Ninamaliza kwa kumushukuru kila mumoja wenu kwa kuacha kazi yake na kuja kuzindua kadi ambayo haiko, haijakuwako, na sitaki iwepo. Ndiyo, niliwadanganya. Habari ya uzinduzi niliwatumia wakati telefone ilikuwa imenishinda tayari, kwa sababu ninazeeka, na nilikuwa ninatafuta masikio yenye mudomo. Hamadi, mukwe wangu, unisamehe pale pasipotajika. Arlette, sogea huku, ingia ndani ya kikwembe changu.

Hadithi iko mulangoni!

(Wakubwa wanafungua midomo. Dieudonnée anawazuia kwa mukono. Moto unalia. Arlette, kiazi mudomoni: "Iingie, Koko, ipate moto. Lakini usipige makelele.")