Pointi Moja ya Kufungwa

Jumatatu, tarehe 4 Septemba

Leo nimeona jambo la ajabu. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya mteja.

Jambo lenyewe ni karatasi. Kila Jumatatu katibu wa ligi ya watoto ya mpira wa kikapu hubandika msimamo wa timu kwenye ubao wa matangazo, mlangoni mwa ukumbi, hatua thelathini tu kutoka karakana yangu ya makochi. Katibu ni mama mmoja aliyestaafu kufundisha hesabu. Tunamwita Mwalimu. Nadhani hata mumewe humwita hivyo.

Timu ni sita, zinaitwa kwa rangi za fulana. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mdogo, ni kapteni wa Njano. Ana miaka kumi na tatu, na ligi ni ya walio chini ya kumi na nne. Yaani huu ndio msimu wake wa mwisho. Timu nne za juu zinaingia nusu fainali, kule ukumbi mkubwa wenye sakafu ya mbao na saa ya taa nyekundu. Mbili za chini zinarudisha fulana, basi.

Kijani ni wa nne. Sisi wa tano. Nyeupe wako mkiani.

Sasa sikia. Kijani wameshinda mechi nne. Sisi tumeshinda nne. Kijani wamefungwa sita. Sisi tumefungwa tano tu. Na Kijani wako juu yetu! Nikahesabu kwa vidole. Nikarudi karakana nikahesabu kwa misumari. Jibu lilelile.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana yangu, na ambaye binti yake yuko Bluu (wanaongoza, hunikumbusha kila akikung'uta taulo), akasema labda Kijani hufungwa kwa adabu kuliko sisi. Akacheka peke yake. Ananyoa vizuri, lakini mjinga.

Nikamwendea Mwalimu. Akanieleza bila kuinua macho: ukishinda pointi mbili, ukifungwa pointi moja, usipotokea uwanjani huna kitu, na unaandikiwa umefungwa ishirini kwa bila. Kijani wamemaliza mechi zao kumi, wana pointi kumi na nne. Sisi tumecheza tisa, tuna kumi na tatu. Bado mechi moja, ile ya Nyeupe iliyoahirishwa siku paa lilipovuja.

Pointi kwa kufungwa! Nani alilibuni hilo? Alikuwa na hali gani siku hiyo? Mimi nimefungwa na maisha tangu darasa la sita, nilipoishia (lakini lile darasa la sita la zamani, la hesabu za treni mbili zinazokutana), na hakuna aliyewahi kuniandikia hata nusu.

Mwalimu akaanza kusema kitu kuhusu timu zinazolingana pointi. Sikusubiri. Kichwa kilikuwa kimeshawaka moto.

Jumanne, tarehe 5 Septemba

Sikupiga msumari hata mmoja leo. Kochi la mchungaji limekaa chali, miguu juu. Nimefikiri siku nzima.

Mwalimu amebandika tangazo kwa mwandiko wake, kalamu ya bluu: Njano na Nyeupe, Alhamisi, saa kumi. Anayechelewa zaidi ya robo saa ahesabiwe hakutokea.

Jioni nikaenda kwenye mazoezi ya Njano kuwapa moyo. Niliwasimulia ile siku ya ujana wangu niliporusha mpira kutoka nje ya geti, ukapita juu ya mnara wa maji, ukaingia kikapuni, na refa akalia. Mtoto mmoja akauliza kama mnara wa maji ulikuwepo enzi hizo. Watoto wa siku hizi wanasomeshwa sana.

Kocha wao, ambaye ni fundi bomba, akalalamika kwamba jumbe za simu zinawachanganya wazazi: huyu anasema saa tisa, huyu saa kumi. Hapo nikasimama juu ya benchi. Nikawaambia simu ni uvumi. Karatasi iliyo ubaoni ndiyo sheria. Msimsikilize mtu, nendeni kila mmoja kwa miguu yake mkasome ubao, kesho, kwa macho yenu. Wakapiga makofi. Dada yangu akasema, kaka, leo umeongea kama mtu mzima. Nimefurahi mpaka sasa.

Jumatano, tarehe 6 Septemba

Nimepata!

Tukicheza na Nyeupe tunaweza kufungwa. Wana yule binti mrefu anayefunga bila kuruka. Lakini wasipotokea? Ishirini kwa bila, pointi mbili, jumla kumi na tano, Kijani wanatupisha. Na Nyeupe hawapotezi chochote, wako mkiani tu hata wakishinda. Mtu asiyekuwa na cha kupoteza ukimpunguzia safari umemsaidia.

Asubuhi mapema, kabla Kinyozi hajafungua, nikapita ubaoni kama mtu anayenyoosha mgongo. Nina kalamu ya bluu ya kuandikia risiti. Baada ya "saa kumi" nikaongeza maneno mawili madogo: "na moja". Yamekaa vizuri sana. Kama yalizaliwa hapo.

Saa nzima! Nyeupe watakuja kumi na moja wakute Njano wameshavaa viatu vya kwenda nyumbani.

Nilishinda mlangoni mwa karakana nikichungulia. Watu wengi walikuja kusoma ubao, wakubwa kwa wadogo, mmoja mmoja, kwa utulivu. Nikajiuliza kwa nini wengi wao wana mifuko ya njano. Sikuendelea kujiuliza. Sponji ilikuwa imefika, nikaenda kuipokea.

Alhamisi, tarehe 7 Septemba

Siku mbaya. 

Saa kumi kasoro dakika tano nikaingia ukumbini, nimevaa shati la njano, nikae nitazame uwanja mtupu upande wa Nyeupe. Nyeupe wako wote. Wanakimbia duara. Yule mrefu anatumbukiza mpira kama mtu anayeweka sukari kwenye chai. Upande wa Njano hakuna hata unyoya.

Nikamuuliza kocha wa Nyeupe, mama muuguzi, imekuwaje wamewahi. Akasema alipita Jumanne jioni akalipiga tangazo picha kwa simu, akawatumia wote. Jumanne! Picha! Kwenye mipango yangu hakukuwa na picha.

Nikakimbia. Mimi ambaye sikimbii hata mvua. Nimefika kwa dada yangu, mpwa wangu yuko mezani anafanya kazi ya shule, fulana imepigwa pasi na kutundikwa kitini. Nikamwambia twende, twende sasa hivi. Akaniangalia kwa huruma. "Mjomba, ni saa kumi na moja. Nimesoma mwenyewe ubaoni. Si ulisema ubao ndio sheria?"

 Nilikuwa na pumzi kidogo tu, nikaitumia kukaa chini.

Tulipofika ukumbini ilikuwa kumi na nusu. Refa alishafunga begi. Ishirini kwa bila. Wenzake wa Njano wakaja mmoja mmoja saa kumi na moja kamili, kwa nidhamu, wakasimama mlangoni. Mpwa wangu hakulia. Alifungua kamba za viatu, akazifunga tena, akazifungua. Afadhali angelia.

Kinyozi akaniuliza kwa sauti ya watu wote, hivi fundi, Njano nao hufungwa kwa adabu?

Ijumaa, tarehe 8 Septemba

Mwalimu amebandika msimamo mpya bila kungoja Jumatatu. Njano: kumi na tatu, palepale. Kutotokea ni sifuri.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua, ingekuwaje kama wangetokea na kufungwa. Akasema wangepata pointi moja, wangefika kumi na nne, sawa na Kijani. Na timu zikilingana, inatazamwa nani alimfunga nani. Njano waliwafunga Kijani mara zote mbili. Kwa hiyo wangekuwa wa nne.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akasema ndilo alilotaka kuniambia Jumatatu nikaondoka mbio.

Yaani walitakiwa kutokea tu! Wafike, wavae viatu, wafungwe vizuri, warudi nyumbani! Nikashika ukuta. Ukuta ulikuwa na rangi mbichi.

Baada ya kutulia nikauliza kuhusu rufaa. Ipo: kabla siku moja haijapita, kwa maandishi, na sababu. Nikaandika palepale kurasa mbili. Kwamba Jumatano ulivuma upepo wa namna yake, uliotoka juu kwenda chini, ukapeperusha wino wa tangazo jingine ukaangukia hili. Kwamba mimi niliwahi kuona upepo kama huo ukihamisha jina la mtu kutoka mlango hadi mlango.

Mwalimu akasoma zote mbili. Hakucheka. Akalibandua tangazo, akaliweka mezani. Kisha akafungua mkoba akatoa risiti yangu ya mwezi uliopita, ya makochi yake: "kochi moja kubwa na moja dogo". Akazilaza sambamba. "Na moja" na "na moja". Herufi zangu zote zinaegemea kushoto kama watu wanaongojea lifti. Sikuwahi kuliona hilo. Nikashangaa mpaka nikainama kutazama vizuri. Kwa nini kushoto? Mkono ninaotumia ni wa kulia!

Akasema anaona nimetambua. Akasema watoto hawana kosa, na kocha wa Nyeupe atakubali kurudia mechi kesho asubuhi, kwa sharti moja: aliyeandika asimame katikati ya uwanja aseme mwenyewe, mbele ya timu zote mbili na wazazi.

Nikauliza kama Kinyozi ni mzazi wa timu mojawapo kati ya hizo mbili. Akasema uwanja uko wazi kwa wote.

Nimekaa hapa karakana. Naweza kunyamaza. Sifa yangu mtaani ni ya miaka ishirini, nimeijenga kwa mdomo wangu mwenyewe, bila fundi. Lakini naziona zile kamba za viatu. Zinafungwa, zinafunguliwa.

Jumamosi, tarehe 9 Septemba

Nimesema.

Nilianza vizuri, kwa historia yangu fupi: mnara wa maji, upepo, mambo ya treni mbili. Dakika ya tisa refa akanipulizia filimbi. Kwa hiyo ikabidi niseme kwa haraka. Kwamba ni mimi. Kwamba nilitaka Nyeupe wachelewe. Kwamba wamechelewa wangu.

 Dada yangu alikuwa ameshika mkoba kama mtu anayechagua pa kuupiga. Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani lilikuwa tamu mno, hakujua aanzie wapi.

Nyeupe wakaulizwa kama wanakubali kurudia. Walishapewa ushindi, wangeweza kukataa. Yule mrefu akainua mabega akasema wacheze tu, juzi walishinda bila hata jasho, na mama yake alimuuliza fulana imebaki safi kwa nini.

Wakacheza. Na walicheza! Mpwa wangu ni mfupi, lakini anapita chini ya mikono ya watu kama paka chini ya uzio. Mpaka robo ya mwisho tunaongoza. Kisha yule mrefu akaamka. Filimbi ya mwisho: Nyeupe thelathini na nne, Njano thelathini na moja.

Tumefungwa! Njano wakaruka, wakakumbatiana, wakalia kwa furaha. Pointi kumi na nne! Wa nne! Nyeupe, waliokuwa wameshinda, walisimama wakitazama walioshindwa wanavyocheza ngoma. Yule mrefu akamuuliza refa nani hasa ameshinda. Refa naye akatazama karatasi mara ya pili.

Mimi nimeishi miaka mingi, sijaona mechi ambayo wote wanatoka wameshinda. Nataka kumjua aliyebuni hizi pointi. Nataka kumpa kochi.

Mpwa wangu akaja, jasho linatiririka. Nikafungua mikono. Akaniambia, "Mjomba, wiki ijayo uje. Ila ukae. Na usishike kitu." Kisha akanikumbatia, na fulana yake mbichi vilevile.

Jumatatu, tarehe 11 Septemba

Msimamo wa mwisho umebandikwa. Sasa uko ndani ya kioo chenye kufuli. Mambo ya maendeleo.

Wa kwanza anacheza na wa nne. Yaani Bluu na Njano, Jumamosi, ukumbi mkubwa. Kinyozi ameshaanza kunitengea kiti, eti nikae nione watu wanavyofungwa kwa adabu. Wateja wanaulizia mambo ya ubao. Nawaeleza kwa ufupi: bila mimi ile mechi isingerudiwa, na bila kurudiwa tusingekuwa wa nne. Hesabu ndogo tu. Wananitazama kwa mshangao wa heshima.

Nimeapa kwa dada yangu, mkono juu ya kochi la mchungaji: sitagusa tangazo lolote tena. Nimeapa kwa moyo wote na kiapo nitakitimiza.

Pembeni ya msimamo kuna karatasi nyingine. Anatafutwa mtu wa kujitolea, mtu mzima mwaminifu, kukaa mezani Jumamosi na kuendesha ile saa ya taa nyekundu. Sikuigusa, nimesoma tu. Inasemekana saa husimama mpira ukitoka nje na kuendelea ukirudi. Nani anayeisimamisha? Kwa kidole? Na kidole kikichelewa kidogo, timu inayoongoza si inapata nafuu, au ni ile inayofuata nyuma? Jambo la kuvutia sana.

Majina yanapelekwa kwa Mwalimu kwa ujumbe wa simu. Nimepeleka. La shemeji yangu, maana anaaminika, na Jumamosi yuko safarini, kwa hiyo mtu wa familia itabidi amshikie nafasi.

Sina nia yoyote. Nataka tu kujua kitufe ni kipi.