Spika ya Upande wa Akina Mama

Kathonzweni,
Juni 1988

Kwako Mzee Muthama, Mwenyekiti wa Kamati ya Kanisa,

Bwana asifiwe, Mzee. Naamini wewe na Mama Ndinda mko salama na ng'ombe wamepata maji. Mimi ni mzima. Haya malalamiko nimeyaandika kwa heshima yote na kwa kalamu ya kuazima, kwa hivyo nitaenda mbio.

Ni maneno ya amplifaya. Ile ya gari, kanisa lilitoa kwa pikapu iliyokufa, mimi Muli nikaifunga kwa betri ya lori kwa vile hapa stima hatuna. Iliimba vizuri mpaka Pasaka. Halafu spika ya kushoto, upande wanakaa akina mama, ikaanza kukoroma. Ya kulia, upande wa wanaume, iko safi kabisa. Jumapili ukasimama mbele ya watu wote ukasema, "Huyu kavisi, huyu kijana mdogo, alijifunza ufundi kwa kufungua redio ya babake, sasa ametuharibia chombo." Mzee! Tangu siku hiyo hakuna mtu ameniletea hata tochi. Na mimi sina shamba, nina jina la ufundi tu. Kwa hivyo nalalamika hivi:

1. Kujua ugonjwa uko wapi ni kazi ndogo sana. Unabadilisha waya pale kwa amplifaya: ya spika ya kushoto unaweka kulia, ya kulia unaweka kushoto. Kelele ikihamia kwa wanaume, amplifaya ndiyo mgonjwa. Ikibaki kwa akina mama, ni spika.

2. Lakini Jumatatu mpaka Jumamosi amplifaya iko chini ya kitanda chako, imefungiwa, eti wezi. Jumapili inatoka, lakini Jumapili kushika skrudraiva ni dhambi. Sasa Mzee, itapona siku gani?

3. Kuuliza hivyo tu, kamati ikasema spika ni nzima, ni akina mama wanapenda kulalamika. Sawa. Nikaomba basi tubadilishe watu, maana watu hawana skrubu. Wanaume wakae kushoto Jumapili moja tu, wasikie wenyewe. Mzee Kiilu akaruka: "Mimi nikae kwa benchi ya wanawake? Na kofia yangu niweke wapi?" Mkacheka, mkafunga mkutano kwa maombi. Mimi sikucheka.

4. Kama benchi ndiyo shida, naomba kanisa ligeuzwe. Pasta Kisilu ahubirie mlangoni, spika ziachwe palepale. Wanaume ni wa kulia siku zote, si ndiyo? Basi wakigeuka kuangalia mlango, kulia kwao ni kule kwa ile spika inakoroma, na hakuna sheria ya mtu imevunjwa. Wenye kuchelewa wataingilia dirishani.

5. Na kama mlango pia ni dhambi, ibada ihamishwe Jumatano. Hapo amplifaya itatoka chini ya kitanda siku ya kazi, na mimi nitashika skrudraiva nikiwa nimeokoka. Jumapili kila mtu aende kulima.

Naomba jibu mbele ya kanisa lote, pale pale jina langu lilipoharibiwa. Salamu kwa Mama Ndinda, kwa Pasta, kwa kwaya, na kwa Mzee Kiilu pamoja na kofia yake.

Ni mimi kijana wenu ninayeumia,
Muli, Fundi wa Redio

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mama Nzilani wa umoja wa akina mama ameingia hapa. Ameniambia, "Muli mwanangu, achana na hiyo spika kabisa." Kumbe tangu Pasaka, ukitangaza nani abebe mchanga wa ujenzi kutoka mtoni na nani apikie wageni, wao wanasema walisikia kukoroma tu. Nyimbo wanaimba na vifua vyao, hawahitaji spika. Amekuja na redio yake nitengeneze, na wenzake wamepanga laini nje na zao, wanasema fundi kama mimi hawajaona. Kwa hivyo Mzee, futa namba moja mpaka tano. Amplifaya ni nzima, hiyo ndiyo sauti yake. Nilimwuliza kama nikuandikie haya, akasema, "Mwandikie tu. Atatukemea na spika gani?"