Jogoo wa Khayega na Dawa Yangu ya Miguu

Leo nimejiaibisha mbele ya wakwe, tena nikiwa ndani ya suti.

Tangu mvua ianze, vidole vya miguu yangu vina fangasi (nalaumu gamboot, vile viatu vya mpira). Juzi nikasoma kwamba wanasayansi wanaunganisha dawa za fangasi na sukari asilia za mwani, yale majani ya baharini. Dawa nyingi za aina hiyo haziyeyuki vizuri kwenye maji. Zikishikanishwa na sukari hizo zinayeyuka na kufanya kazi zaidi. Nikaona kazi hiyo naiweza. (Nina digrii. Ya historia.)

Asubuhi nikachemsha unga wa mwani nilioletewa kutoka Mombasa, nikasagia humo vidonge vyangu vya fangasi, nikakoroga. Wanasayansi huunganisha maabarani; mimi nilitumia mwiko. Nikajipaka, nikavaa soksi, tukaenda Khayega kumposea mpwa wangu Shivachi. Msemaji wa ukoo ni mimi.

Mlangoni tukaombwa tuvue viatu, zulia ni jipya. Kumbe dawa ilikuwa imepenya soksi na kuganda kama jeli. Vipande vikadondoka kutoka kwenye soksi. Kabla sijainama, jogoo mnene akafika, akameza vyote. Hakuna mtu aliyeona. Nikaingia na heshima zangu.

Nilizungumza vizuri, lazima niseme. Hata wazee wa upande wao waliitikia. Mama wa binti akafurahi, akaita jikoni: "Mshikeni yule jogoo mkubwa, wageni wale ingokho."

"Mama," nikasema, "huyo asichinjwe."

Huku kwetu, ukikataa ingokho, yaani kuku wa wakwe, umemkataa binti. Shivachi alinitazama kama mtu anayezama.

"Mzee, kuku wetu ana kasoro gani?" baba wa binti akauliza.

"Hana. Mwenye kasoro ni mimi. Nina fangasi."

Nikaeleza yote: mwani, vidonge, soksi. Kaka yangu akajifunika uso kwa kofia.

"Na hiyo dawa unapakanga wapi?" mama akauliza.

"Miguuni, mama."

"Halafu jogoo akala."

"Akala."

Alicheka mpaka akashikilia mlango. Mumewe akafuata, kisha wazee, kisha Shivachi (huyo nitamkumbuka). Akachinjwa kuku mwingine, na posa ikakubaliwa.

Jogoo yuko hai. Wamempa jina langu. Mkipita Khayega mkasikia naitwa nije nile mahindi, tafadhali, piteni kimya.