Mgonjwa wa Kwanza wa Sukari Shwari

Jumatatu, 4 Machi

Uzito asubuhi: kilo 114. Nikavua mkanda, saa na miwani, nikapanda tena. Kilo 114. Sukari kabla ya kula: 14.2, mara mbili ya inavyotakiwa. Hata hivyo nashukuru. Nimeamka, mizani imenibeba mara mbili bila kulalamika, na leo ndiyo leo.

Programu yangu ya simu imekamilika! Miezi kumi na minne ya kukaa kitako (ndiyo, najua, na kilo nazo zimetoka hapo hapo). Nimeiita Sukari Shwari. Mwenye kisukari au mwili mkubwa anaandika sukari yake, alichokula na vidonge alivyomeza. Simu inamhesabia hatua. Jioni inamuuliza maswali. Yote yanamfikia Sista kule kliniki, na maagizo ya daktari yanatumwa pia kwa mtu wa nyumbani kwako, usije ukajifanya hukuyaona. Hilo la mwisho nimelibuni mwenyewe. Sijui akili hizi nazitoa wapi.

Sista ndiye muuguzi mkuu wa kliniki ya sukari. Alituita wawili, mimi na Njiti. Njiti tulikuwa tukikaa meza moja ofisini zamani. Mwembamba, anakula sahani mbili na hanenepi, na hilo sijamsamehe. Naye ana programu yake, Tembea Upone. Sista akasema kliniki itachukua moja tu. Kila mmoja alete mgonjwa, siku kumi, tuone sukari ya nani itashuka. Njiti kaleta mwalimu mstaafu, mtu wa kufuata kila anachoambiwa. Mimi nikajileta mwenyewe! Nani anaijua Sukari Shwari kuliko mimi?

Sista alinitazama miguu. Akauliza mbona nachechemea. Nikasema viatu vipya, vimenichubua kidogo kidole gumba cha kulia. Akasema mwenye sukari hana mchubuko mdogo, kikao kikiisha nipite chumbani kwake. Nilimshukuru kwa dhati. Kisha nikatokea mlango wa nyuma.

Jumanne, 5 Machi

Nimetembea! Hatua 612. Kidole kikaanza kuniwaka nikiwa kona ya pili, nikaketi kwa muuza soda. Kukaa kwenye kiti cha mtu bila kununua kitu si adabu, kwa hiyo nikanunua. Simu ikapiga kelele mbele za watu: Umekaa muda mrefu, simama! Sauti ni yangu mwenyewe, niliirekodi bafuni. Muuza soda akauliza nani huyo anayenigombeza. Nikasema ni kazini.

Mwalimu mstaafu leo: hatua 8,140. Njiti kanitumia picha yake akitabasamu na jasho. Mzee wa watu. Ananikera.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama Watoto alikuwa kwenye cherehani sebuleni, ana oda ya sare za shule nzima. Mguu unakanyaga, unakanyaga, unakanyaga. Nikakaa kumwangalia. Miaka kumi na tisa ya ndoa na sijawahi kuuangalia mguu wa mke wangu kwa mapenzi kama leo.

Nikachukua lastiki ya sketi, nikaifunga simu kwenye pedali. Nikamwambia ni majaribio ya kitaalamu. Akasema sawa, ila nisiguse uzi wake.

Jumatano, 6 Machi

Hatua 41,300!!! Sukari Shwari ikanipigia vigelegele, nami nikainuka kwenye kochi kuitikia.

Sista akapiga simu, akauliza kama nimehama mji. Nikasema napenda njia za nyuma, hazina vumbi.

Tatizo: mtu wa hatua hizo hawezi kuwa na sukari 15.6 kama niliyopima leo. Nikapiga moyo konde, nikamwomba Mama Watoto kidole. Nikamweleza kwamba mashine ya kupimia lazima ilinganishwe na damu ya mtu mzima wa afya. Akanyoosha mkono bila kuacha kushona. 5.1. Damu nzuri kama nini! Nikaiandika kwa jina langu. Akasema kama kazi yangu inataka vingine, vidole anavyo kumi. Machozi yalinilenga. Wangapi wana mke wa namna hii?

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya tatu ya 5.1. Nilikuwa naimba. Mwalimu mstaafu bado anahangaika na 8.9, jasho lote lile!

Saa nne, ujumbe wa Sista. Daktari ameona namba zangu, amefurahi mno. Kwa sukari iliyoshuka hivi na mwendo huu, dozi niliyo nayo inaweza kuniangusha ghafla njiani. Kuanzia leo nimeze nusu.

Nusu! Na sukari yangu ya kweli asubuhi ilikuwa 16.

Nikafikiri haraka. Nitanyamaza, nitameza dozi yangu nzima kimya kimya, hakuna atakayejua. Nikaenda kabatini. Vidonge havipo. Mama Watoto akasema ujumbe wa daktari umemfikia na yeye, na simu yake imemwambia anilinde. Kavifungia kwenye kopo la vifungo, atakuwa ananipa nusu kwa mkono wake. Akanikumbatia. Akasema alikuwa akiniombea kila siku sukari ishuke, na imeshuka.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo nilishaufungua. Kisha nikaona alivyofurahi, nikaufunga. Nikamshukuru, nikameza nusu.

Jumapili, 10 Machi

Kiu. Nimekunywa jagi tatu na bado ulimi ni mkavu. Chooni nimekwenda hadi mlango umenizoea. Macho yanaona ukungu, namba kwenye kompyuta zinacheza. Lakini nimepungua kilo mbili bila jasho! Kila jambo lina heri yake.

Kidole kimevimba, rangi yake siipendi. Nimevaa soksi. Mama Watoto akauliza soksi za nini na joto hili. Nikasema kuna mbu. Akasema mbu mchana? Nikasema wapo wanaoanza mapema.

Jioni Sukari Shwari ikaniuliza: Je, una kidonda chochote mguuni? Swali nililiandika mwenyewe mwaka jana, nilisoma vitabu vitatu ili niliandike vizuri. Ndilo linalookoa miguu ya watu. Nikabonyeza Hapana. Ikaniandikia: Hongera, endelea hivyo hivyo!

Oda ya sare imeisha. Hatua za leo: 97, nyingi za chooni.

Jumanne, 12 Machi

Nimeumbuka.

Sista alimwomba Njiti akague kama programu zote mbili zinahesabu sawa. Njiti, ambaye hana kazi nyingine duniani, akafungua kurasa zangu. Akamwambia Sista kwamba mgonjwa wa Sukari Shwari alitembea kilomita thelathini kwa mwendo mmoja, hajikwai, hapunguzi, hasimami kupumua, na kwa mujibu wa ramani hakutoka sebuleni. Ramani! Nilisahau kuizima. Nami ndiye niliyeiweka.

Saa tano mlango ukagongwa. Sista na begi lake, Njiti nyuma yake na kofia ya pikipiki. Nilijaribu kusimama kuwapokea, chumba kikazunguka, nikarudi chini. Nikajifanya ndivyo ninavyokaribisha wageni.

Sista aliweka begi chini. Macho yake yalikwenda kwenye cherehani, yakatua kwenye pedali, kwenye lastiki ambayo mtaalamu mzima nilisahau kuifungua. Mama Watoto naye akaitazama. Kisha akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja, vyenye vitobo. Heri angepiga kelele.

Sista akanitoboa kidole changu, changu hasa. 24.3. Akaniambia nivue soksi. Nikasema mbu. Akasema, kwa upole ulionitisha kuliko ukali, kaka, vua soksi.

Sitaandika kilichoonekana. Njiti aligeuka akatazama ukuta. Kisha akanibeba. Njiti! Mifupa mitupu, akanibeba kilo 112 mpaka kwenye pikipiki, Mama Watoto akakaa nyuma kunishikilia. Njia nzima Njiti alikuwa akiniambia nisilale, niendelee kuitukana programu yake. Nikajitahidi.

Alhamisi, 14 Machi

Wodini, kitanda cha dirishani. Naona ua na paka mmoja. Sukari asubuhi: 9.8, yangu.

Kidole kimesafishwa, kucha imeondolewa, kidole chenyewe kimebaki. Daktari akasema siku mbili zaidi wangekikata, na pengine si kidole peke yake. Alisema akiwa anaandika, hata hakuinua kichwa. Nikavihesabu vidole mara kadhaa chini ya shuka. Vitano. Bado vitano.

Mama Watoto hakunisemesha jana kutwa. Alikuja, akaninawisha, akanilisha, akakaa. Leo mchana ndipo aliposema. Akasema alinipa damu yake bila kuuliza, na kama ningemwambia ukweli angenipa na miguu yake, tungetembea wote kila asubuhi, polepole, mpaka kona ya pili tu. Kilichomuuma si uongo wa hatua. Ni kwamba alinipa nusu ya dawa kwa mkono wake mwenyewe huku akimshukuru Mungu.

Nililia kama mtoto. Nikamwomba radhi, akanifuta uso kwa kanga yake. Niandike hapa ili nisije nikakana: mke wangu ananifaa kuliko ninavyostahili. Sista pia. Na Njiti, aliyekaa nje ya wodi kwa muda wa saa sita siku ile, akimwuliza kila anayepita kama nimekata roho.

Nimebadilika. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kweli tupu.

Jumatano, 20 Machi

Nimerudi nyumbani tangu Jumapili! Sukari 8.1. Majirani wamekuja, wote wamekiangalia kidole.

Kliniki imechukua Tembea Upone. Haki yao. Mwalimu mstaafu kafika 6.7, nimempigia kumpongeza, na nilimaanisha karibu maneno yote. Lakini Sista ana moyo. Amesema Tembea Upone haina macho ya kuangalia miguu, na mtu anayejua kidonda kinavyofichwa ni mimi. Nikae na Njiti tuunganishe programu zetu. Kila mgonjwa apige picha ya mguu wake kila asubuhi, imfikie Sista, asidanganye mtu tena.

Tumeitengeneza kwa siku mbili, mimi nikiwa nimelala na mguu juu ya mito, Njiti akiandika na kula. Imefanya kazi mara ya kwanza! Sista alipiga makofi. Mama Watoto alicheka, kicheko chake kile cha zamani, nikajisikia nimepona kabisa.

Kisha Sista akasema mgonjwa wa kwanza niwe mimi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nifungue bandeji, nipige picha mguu wa kulia, nifunge upya. Wiki sita. Wote wakanitazama. Nikaahidi mbele yao, mkono kifuani.

Sasa, ukweli ni kwamba bandeji hii ikifunguliwa inauma mpaka kwenye meno. Na saa kumi na mbili ni mapema mno kwa mtu anayetakiwa kupumzika. Na Sista ana wagonjwa wengi, si vizuri kumpa wasiwasi kila kukicha kwa kidole ambacho kinapona chenyewe.

Kwa hiyo leo, Mama Watoto alipokwenda kununua uzi, nimepiga picha arobaini na mbili za mguu wa kushoto. Nimezigeuza kwenye kompyuta, kushoto imekuwa kulia, huwezi kutofautisha. Kidole gumba nimekibandika plasta, kubwa kwenye picha za kwanza, ndogo zaidi kila baada ya picha tano, ili Sista aone kinavyopona. Nimepanga ziende zenyewe kila alfajiri. Ramani nimeizima.

Namshukuru Mungu kwa kunipa miguu miwili inayofanana.