Maombi ya Kufutwa kwa Kikao cha Kusimulia Makosa

Kambi ya Barabara,
Mamba, Same.

Kwa Bi Yudith, Msimamizi wa Mitambo,

Kwa umri wewe ni mwanangu, kwa kazi ni bosi wangu. Nakuandikia kwa heshima zote mbili. Mimi Sifael Mmbaga, opereta wa eskaveta kwa miaka ishirini na miwili, naomba ukifute kikao cha Jumatatu, kile tunachosimama mbele ya wenzetu kueleza tulivyoharibu kazi. Sababu zangu ni hizi:

1. Kikao kinawapa sifa wasiostahili. Eliakunda aliacha mtambo wa kushindilia mteremkoni bila kuuzuia kwa mawe. Ukashuka wenyewe, taratibu kama mchungaji anayekwenda ibadani, ukalalia choo cha usharika. Mzee wa kanisa alikuwa ametoka humo dakika hiyohiyo, hata mkanda hajafunga. Nilitegemea Eliakunda afukuzwe. Alisimulia, ukampigia makofi! Sasa kila mtu anazuia mtambo wake kwa mawe. Mgeni akija, atamtambuaje mzoefu?

2. Gideoni alirudisha eskaveta nyuma bila kutazama, akasaga bodaboda na magunia mawili ya tangawizi. Mwenye bodaboda alinusurika kwa kuruka. Jumatatu Gideoni akalia mbele za watu. Opereta mzima! Tena ulimwalika Naanyu, mama mfugaji kutoka tambarare aliyeshuhudia, naye akauliza, "Kwani wa kumwongoza alikuwa wapi?" Mtu asiyewahi kushika usukani! Leo haturudi nyuma bila mtu wa kutuongoza, eti kwa sababu mama wa ng'ombe kauliza.

3. Ulipofika kwangu ukasema, "Na wewe, mzee Sifael?" Nikajibu, "Mimi sina." Watu wakacheka. Kicheko kile sijakielewa mpaka leo.

4. Kubwa kuliko yote ni wizi wa uzoefu. Mimi kila ninachokijua nilikipata kwa kuvunja kitu: ukuta, daraja, mara moja mguu wangu mwenyewe. Vijana hawa wanakipata wamekaa kwenye benchi, chai mkononi. Mkiendelea hivi, mwaka mzima utapita bila ajali, na ofisini mtadhani kazi hii ni rahisi. Napendekeza kila opereta aruhusiwe kuharibu kivyake, kwa faragha, na atakayesimulia apewe barua ya onyo.

Nawasalimu wapishi, walinzi, Eliakunda, hata mama Naanyu na ng'ombe wake.

Ni mimi, nisiye na la kusimulia,
Sifael Mmbaga

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, saa nne asubuhi, nimekata bomba la maji la zahanati. Sikuuliza linapita wapi. Maji yaliruka juu kuliko eskaveta. Nesi Asteria akatoka na ndoo tupu, kumbe ndani kulikuwa na mama anajifungua. Tumebeba maji kutoka mtoni kwa mikono mpaka mtoto akapatikana, salama. Bomba hilohilo linakatiza tena barabara pale konani, ambapo Gideoni ataanza kuchimba kesho. Tafadhali usingoje Jumatatu, mwambie leo. Ningempigia mwenyewe, ila namba yake sina. Sikuwahi kumwomba.