Mchezaji wa Tatu Kwenye Waya

Jumatatu, 5 Agosti

Likizo imeanza. Wiki nzima bila kuhesabu magodoro boharini! Nimeapa: kabla haijaisha, shemeji nimemfunga.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Fundi umeme, na sijawahi kumfunga hata kwa bahati mbaya. Tunacheza mpira kwenye mashine za gemu za zamani, zile zisizojua intaneti. Zinataka ziunganishwe waya mmoja, chumba kimoja. Lakini shemeji hakanyagi nyumba hii. Mwaka wa pili sasa, tangu tumzike baba mkwe aliyeijenga. Kila mara mimi ndiye wa kubeba mashine kwenda kwake, na kurudi nimefungwa saba.

Basi! Nimeandika programu yangu kwa Java, lugha ya kompyuta. Inanasa inachosema mashine yangu, inakituma mpaka kwenye kompyuta ya shemeji ng'ambo ya mji, na mashine mbili zinaamini zimekaa bega kwa bega. Ndani yake nimeficha mstari mmoja mtamu: kila kitufe atakachobonyeza shemeji kichelewe robo sekunde. Hatajua. Mimi ni hatari!

Jumanne, 6 Agosti

Mimi si hatari. Java imenitukana mistari arobaini, yote myekundu. Mashine hazionani. Shemeji akauliza kwa simu kama nimezima ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Nikamjibu kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya wanafunzi. Nikakata simu. Nikauzima.

Alasiri ikakubali! Skrini ikaorodhesha. Mchezaji 1: mimi. Mchezaji 2: shemeji. Mchezaji 3.

Mchezaji 3?

Jumatano, 7 Agosti

Kosa la kuhesabu. Nilianzia moja badala ya sifuri. Nimerekebisha. Bado yupo. Nimebadilisha nywila. Bado yupo. Nimechomoa waya wa intaneti: shemeji akapotea, wa tatu akabaki.

Nikatazama anwani yake ya mtandao. Ni ya humu ndani.

Nimekagua vyumba vyote, chini ya vitanda, hadi kwenye pipa la nguo chafu. Mke wangu akauliza natafuta nini. Nikasema soksi.

Programu yangu hurekodi kila kitufe kinachobonyezwa. Nimeisoma rekodi ya leo. Saa tisa na dakika kumi alasiri, wa tatu alibonyeza kitufe cha "tayari". Akangoja. Akabonyeza tena. Mara mia moja na kumi na mbili, bila haraka, kama mtu anayepiga hodi nyumba ambayo anajua ina watu.

Nimefunga kompyuta. Nimeifunika kwa taulo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemruhusu aingie. Ningefanyaje? Amechagua timu yangu na kuninyang'anya mpira! Padi yangu ya kuchezea iko mezani, siigusi, na vijana wangu wanakimbia. Wanarudisha mpira kwa kipa. Wanaurudisha tena. Mara ya tatu. Ndipo wanaondoka, taratibu, kupitia kushoto.

Na mstari wangu wa siri haufanyi kazi! Upo palepale nilipouandika, lakini vitufe vya shemeji vinafika kwa wakati. Kuna mtu anaupuuza.

Mke wangu akapita na kapu la nguo alizotoka kuanua. Akasimama. Kapu likamshuka mpaka sakafuni.

"Huyo anacheza kama baba," akasema.

Nikamwambia ni hitilafu. Akaniambia ninyamaze. Akaketi chini, kando ya kiti cha baba yake, si juu yake. Nikataka kumuuliza kwa nini, kisha nikaona. Mto wa kile kiti, ambao haujakaliwa tangu msiba, ulikuwa umebonyea katikati.

Simu ikalia. Shemeji. Akauliza nani kashika padi.

"Mimi," nikasema.

"Shemeji, usinidanganye. Wewe hujawahi kurudisha mpira nyuma hata siku moja."

Nikamsikia akivuta kamasi.

Ijumaa, 9 Agosti

Mke wangu amenieleza jambo ambalo sikuwahi kuuliza. Mzee na mwanawe walikuwa na mechi waliyoisimamisha, bao moja kwa moja, zikiwa zimebaki dakika sita. Shemeji aliitwa kazini ghafla. Akaahidi atarudi Jumamosi waimalize. Mzee akafariki Alhamisi.

Ndiyo maana hakanyagi hapa. Anaona aibu. Na mimi siku zote nilidhani hapendi chai yangu!

Jumamosi, 10 Agosti

Amekuja. Akasimama kizingitini kama mgeni, dada yake akamvuta mkono, wakalia wote wawili. Kisha akaketi sakafuni mbele ya kiti, akashika padi.

Skrini ikaonyesha bao moja kwa moja, dakika sita zimebaki. Sikuiweka mimi. Naapa.

Vitufe tu, vya padi moja mikononi mwa shemeji, na vya nyingine ambayo hakuna aliyeishika. Dakika ya mwisho mpira ukarudishwa kwa kipa. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Ukapita kushoto. Ukaingia!

Shemeji akacheka mpaka machozi yakamtoka upya.

"Umeniweza, baba. Nisamehe, nimechelewa."

Mto ukainuka polepole, upande mmoja kwanza, kama mtu mzima anayenyanyuka kwa kushika goti. Skrini ikaandika: Mchezaji 3 ameondoka.

Ndugu wale wakakumbatiana. Nikauliza kama bao lile linahesabiwa kwangu, maana timu ilikuwa yangu.

Jumapili, 11 Agosti

Nimewaza tangu asubuhi. Kumbe marehemu wanaruhusiwa kucheza! Basi na sisi kwetu tuna watu. Marehemu mjomba hakuwahi kushindwa mchezo wowote, kwa kuwa alidanganya katika kila mchezo. Nimefungua nafasi ya nne, nikaandika jina lake.

Saa nane mchana ikajibu: Mchezaji 4 ameunganishwa. Nikaruka kwa furaha!

Akachagua timu pinzani.

Amenifunga kumi na moja. Muda wote mtu alikuwa nyuma ya sikio langu akichekea puani, vilevile alivyokuwa akicheka mjomba. Sikugeuka. Nilikuwa nikitafuta kosa kwenye mstari wa tisini na nne wa programu.

Nimelipata: nilikosea kuchagua ndugu. Nafungua nafasi ya tano. Bibi alinipenda sana, huyo hawezi kunigeuka.